Masharti ya kumaliza uzamili: anza na yale yanayomsubiri mtu mwingine

Swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi wa uzamili ni hili: "Nimebakiza nini?" Anayeuliza huwa amefaulu masomo yote, tasnifu ameiandika, msimamizi ameridhika, na moyoni anajua kilichobaki ni joho tu. Nafungua faili lake na kukuta kibali cha maadili hakimo, au muhula mmoja hakujisajili, au watahini hawajateuliwa. Hapo tunaanza kuhesabu miezi.

Nilisoma uzamili wa elimu kabla ya kupewa kazi hii ya kukagua mafaili, kwa hiyo masharti haya nimeyaishi kama mwanafunzi na sasa nayaona kila siku kama mtumishi. Nina jambo moja la kusema. Karatasi ya masharti huyapanga mambo kana kwamba yote yana uzito mmoja, na sivyo yalivyo. Mengine ni ya juhudi yako: ukikesha, yanaisha. Mengine yanasubiri mtu asome, kamati ikae, mkubwa atie sahihi, na hayo hata ukeshe mwaka mzima hayasogei kwa kasi yako. Ndiyo yanayokula muda, na ndiyo ninayomshauri kila mtu aanze nayo, hata kama kwenye karatasi yameandikwa mwisho.

Masomo ya darasani hayana maneno mengi. Fahamu tu kwamba krediti, yaani vipimo vya kazi ya masomo, za mfumo mmoja si za mfumo mwingine. Katika mfumo wa Ulaya unaoitwa ECTS, uzamili huwa na krediti 60 hadi 120, na krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30. Uingereza wanahesabu krediti 180, kila moja saa 10, yaani saa 1,800 kwa jumla. Marekani wengi humaliza na krediti 30 au zaidi kidogo, kwa sababu wao hupima kwa saa za darasani za kila wiki katika muhula. Kwa hiyo usimwonee wivu rafiki wa chuo kingine anayedaiwa 30 wakati wewe unadaiwa 180. Hizo saa 1,800 ni pamoja na kusoma maktabani, kuandika na kufikiri, siyo kukaa darasani peke yake.

Kinachowakwamisha watu kwenye masomo ni vitu vidogo. Mtu anachukua somo la kuchagua la ngazi ya chini, analifaulu vizuri sana, halafu anaambiwa halihesabiki kwenye uzamili. Mwingine amefaulu kila somo lakini wastani wake uko chini ya kiwango, maana vyuo vingi vina alama ya kufaulu somo na pia wastani wa kuendelea na programu. Omba matokeo yako ya jumla kila mwisho wa mwaka na uyalinganishe na orodha ya masomo ya lazima ya mwaka ulioingia. Mtaala ukibadilishwa katikati, usibuni mwenyewe: omba barua inayosema wewe unafuata mtaala upi. Barua hiyo ni karatasi moja tu, na huokoa mabishano mengi baadaye.

Ujue pia umeingia kwa njia ipi. Wapo wanaosoma masomo na kuandika tasnifu, wapo wa utafiti mtupu, na wapo wanaomaliza kwa mradi mfupi au mtihani wa jumla bila tasnifu. Masharti unayosimuliwa na mwenzako huenda ni ya njia yake.

Kuhusu usajili nitasema kwa ukali kidogo. Kipindi cha kuandika tasnifu watu hujiona hawako chuoni. Hawana darasa, hawana mtihani, basi wanaacha kujisajili. Lakini kwenye kumbukumbu za chuo, mwanafunzi ambaye hajasajiliwa ni kama hayupo: tasnifu yake haipokelewi, na saa ya ukomo wa masomo huendelea kuhesabu. Ukiugua, ukijifungua, ukipatwa na msiba au kazi ikikubana, omba kuahirisha masomo kwa maandishi kabla muhula haujaisha. Uahirisho ulioidhinishwa kwa kawaida hauhesabiwi kwenye ukomo. Kutoweka kimyakimya kunahesabiwa.

Sasa tuje kwenye kibali cha maadili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nimeona machozi. Ikiwa utafiti wako unawahusu watu, iwe kwa mahojiano, hojaji au kusoma mafaili yao, kamati ya maadili lazima ipitishe mpango wako kabla hujamgusa mtu wa kwanza. Kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma. Data uliyokusanya kabla ya tarehe ya kibali haihesabiki, na anayekuambia utaomba baadaye anakupoteza.

Wengi huiona kamati hiyo kama kizuizi cha urasimu. Mimi naiheshimu, na ukijua ilikotoka nadhani utaiheshimu pia. Mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg iliyowahukumu madaktari wa Kinazi iliacha kanuni kumi, ya kwanza ikisema kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayetafitiwa ni ya lazima kabisa. Hata hivyo, kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, watafiti wa idara ya afya ya umma ya Marekani waliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa tiba inayojulikana. Miongozo ya maadili ya utafiti iliyofuata, yaani Azimio la Helsinki la 1964 na Ripoti ya Belmont ya 1979, imo nyuma ya fomu hiyo unayoilalamikia kwamba ina kurasa nyingi.

Nilipoomba kibali changu, utafiti wangu ulikuwa na wanafunzi wa shule. Kamati iliuliza maswali ambayo sikuyatarajia kabisa: sauti zilizorekodiwa zitahifadhiwa wapi, nani atajua neno la siri, zitafutwa lini, na mtoto akianza kulia katikati ya mahojiano nitafanya nini. Hilo la mwisho lilinifanya nikae chini upya na mwongozo wangu wa mahojiano na kuondoa swali moja lililohusu adhabu nyumbani. Nilihitaji ridhaa ya mzazi, kukubali kwa mtoto mwenyewe, na barua ya mkuu wa shule. Karatasi tatu kwa mtoto mmoja. Fomu ya ridhaa niliisoma kwa sauti mbele ya mzazi mmoja asiyejua kusoma, na nikagundua sentensi yangu ya tatu hata mimi sikuielewa. Nikaiandika upya kwa lugha ya kawaida, na kamati ikaipitisha hiyo mpya.

Ushauri wangu: anza kuandaa maombi ya maadili pendekezo la utafiti likiwa bado linarekebishwa. Sehemu kubwa ya maelezo ni yale yale. Ulizia kamati inakaa lini na mwisho wa kupokea mafaili ni tarehe ipi. Ukichelewa siku moja, unasubiri kikao kijacho. Na kama utakwenda kwenye shule, hospitali au ofisi, fahamu kwamba kibali cha maadili na kibali cha kuingia mahali pale ni vitu viwili.

Kwa msimamizi sina maneno mengi ila haya: kila mkikutana, mwandikie baruapepe fupi siku hiyo hiyo ukieleza mlichokubaliana na tarehe ya kazi inayofuata. Si kwamba humwamini. Anasimamia wengi, anasahau, na akihamishwa au akienda likizo ya utafiti, atakayekupokea atajua mlipoishia. Mpe sura nzima iliyosahihishwa badala ya vipande vipande, na mwombe akutajie tarehe atakayomaliza kuisoma.

Kisha kuna ripoti ya ufanano. Programu ya kompyuta inalinganisha maandishi yako na yaliyoko mtandaoni na kwenye hifadhi za vyuo, halafu inatoa asilimia. Watu huogopa ile namba peke yake. Namba haisemi kwamba umeiba. Inasema maneno yamefanana. Marejeo, majina ya taasisi na nukuu zilizowekewa alama za kufunga na kufungua zote zinaweza kuongeza asilimia. Kwa upande mwingine, asilimia ndogo yenye aya moja nzima ya mtu bila kutajwa ni wizi wa kitaaluma. Kila chuo kina kiwango chake, kitafute kwenye kanuni. Na tafadhali usibadilishe neno mojamoja ili kuishusha namba. Mtahini mzoefu huijua aya ya namna hiyo akiisoma mara moja, kwa sababu haisemi kitu. Soma chanzo, kifunge, eleza ulichoelewa, kisha mtaje mwandishi wake.

Hatua inayosahaulika kuliko zote ni barua ya kusudio la kuwasilisha tasnifu. Vyuo vingi hutaka uwataarifu miezi kadhaa kabla kwamba unakaribia kumaliza, pamoja na ikisiri. Barua hiyo ndiyo inayoanzisha uteuzi wa watahini. Mtahini wa nje hutafutwa, huombwa, hukubali au hukataa, jina lake hupelekwa kwenye kamati, na akikataa kazi huanza upya. Anayeandika barua hii akiwa kwenye sura ya nne, tasnifu yake inapokamilika watahini wanaisubiri. Anayeiandika baada ya kumaliza kila kitu, yeye ndiye anayewasubiri watahini. Hakuna nafasi nyingine katika uzamili mzima ambapo ukurasa mmoja unaokoa muda mrefu kiasi hiki.

Majibu ya watahini huja kwa namna chache: kupita bila marekebisho, kupita kwa marekebisho madogo, marekebisho makubwa, kuandika upya na kuwasilisha tena, au kushindwa. Marekebisho madogo ni habari njema, na wanafunzi wengi huyapokea kana kwamba wamefiwa. Mtahini aliyekuandikia kurasa nne za maoni amekusoma. Jipe siku moja ya kukasirika, halafu tengeneza jedwali la marekebisho.

Jedwali hilo lina safu tatu: alichosema mtahini, ulichofanya, na ukurasa kinapoonekana. Linarudishwa sana kwa sababu ya safu ya kati. Mtahini ameandika, "Haijaelezwa sampuli ilipatikanaje." Mwanafunzi anajibu, "Imerekebishwa." Hilo halimsaidii anayehakiki. Jibu linalopita husema hivi: "Aya mbili zimeongezwa katika kifungu 3.4 zikieleza walimu waliteuliwa vipi na kwa nini wale wa muda hawakuhusishwa," halafu namba ya ukurasa wa toleo jipya. Usitumie namba za toleo la zamani, maana baada ya kuongeza aya zimeshasogea. Na una haki ya kutokubaliana na mtahini. Andika kwa adabu kwamba umebaki na mbinu yako, toa sababu, onyesha chanzo, na umshirikishe msimamizi kabla ya kutuma. Nimeona hoja kama hizo zikikubaliwa bila shida.

Ikiwa chuo chako kina utetezi wa ana kwa ana, soma tasnifu yako yote tena wiki hiyo, hasa sura ya mbinu na mipaka ya utafiti. Maswali mengi hutoka hapo: kwa nini njia hii na si ile, na matokeo yako yanawahusu akina nani. Jibu kwa kifupi, na pale ambapo utafiti wako haukufika, sema haukufika.

Vyuo vingine hudai pia makala iliyochapishwa au angalau iliyokubaliwa kwenye jarida. Ikiwa chako ni kimojawapo, hili nalo lihesabu kati ya mambo yanayosubiri watu wengine, kwa sababu mapitio ya wataalamu huchukua miezi. Epuka jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa. Angalia kama limo kwenye orodha ya majarida huria ya DOAJ, iliyopo tangu 2003, na muulize mkutubi. Wakutubi wanayajua mambo haya kuliko wengi wetu.

Baada ya hapo inabaki fomu ya kutodaiwa, kuanzia vitabu vya maktaba hadi salio la ada, nakala ya mwisho iliyosahihishwa, na nakala ya kidijiti kwenye hifadhi ya chuo. Shahada yenyewe huidhinishwa na chombo cha juu cha taaluma, mara nyingi seneti, na mahafali huja baadaye. Kwa hiyo ukihitaji uthibitisho kwa ajili ya kazi au kuomba uzamivu, usisubiri siku ya joho: omba barua ya kuhitimu mara tu kikao kinapopitisha jina lako. Na kabla jina halijapelekwa huko, njoo ulitazame lilivyoandikwa. Lilinganishe na cheti cha shahada ya kwanza, herufi kwa herufi, mpangilio kwa mpangilio. Kabla ya kikao, kosa hilo linasahihishwa kwa dakika chache. Cheti kikishachapwa, utaleta hati ya kiapo.