Tochi bado haijafika, ila programu yake nshaanza kuiandika

Mchana kutwa naandika programu za mtandaoni, nabishana na watu wanaotaka kitufe kisogee kushoto kidogo, usiku mimi ni mgonjwa wa tochi. Nipo kwenye foleni ya tochi inayobuniwa na wapenzi wa tochi wenyewe, yaani watu wanapiga kura LED ipi, swichi ipi, hadi klipu ya mfukoni, kama ilivyokuwa kwa tochi zilizotangulia, Q8 na FW3A, afu ndo kiwanda kinatengeneza. Tarehe inasogezwa, tunangoja, inasogezwa tena, basi tunabaki kupiga stori za kazi maana kumbe wengi wetu ni watu wa programu.

Jamaa mmoja anaandika programu za lifti. Siku hiyo nalalamika seva yetu ya gigabaiti 16 imejaa, akanicheka, akasema hebu jaribu ATtiny85 uone. Ndo chipu iliyomo kwenye FW3A: kilobaiti 8 za programu, RAM baiti 512. Picha moja ya kwenye ukurasa wetu haienei humo! Nikaagiza chipu tatu na USBasp ya kuziingizia programu.

Siku mbili za kwanza kompyuta haioni chipu. Nikabadili waya, nikabadili kebo, nikatukana kidogo, kumbe kale kadoa kanakoonyesha mguu wa kwanza nimekaweka upande wa pili, chipu imekaa kinyume. Nilipoigeuza ikajibu 1e930b, ndo utambulisho wake, nikaruka kwenye kiti.

Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi, ukishikilia swichi mwanga uongezeke taratibu. Nikaandika lupu, yaani maagizo ya kujirudia, ipandishe mwanga ngazi moja moja kutoka 0 hadi 255. Taa ikatoka gizani ikawa kali mara moja, afu muda wote uliobaki sioni tofauti, maana jicho linaangalia uwiano, kutoka 1 kwenda 2 ni mara mbili ila 200 kwenda 201 hamna kitu. Nikaweka hesabu ya vipeo kwa namba za desimali, programu ikavimba zaidi ya kilobaiti nzima kwa mstari mmoja tu, kwa sababu chipu yenyewe haijui desimali, inabidi ibebeshwe maktaba ya kuzikokotoa, na hapo sijaweka ulinzi wa joto wala kupima betri. Basi hesabu nikazifanya kwenye kompyuta, nikapata ngazi 150, baiti moja moja, nikazipanga jedwali na nikaliacha kwenye flashi, kumbukumbu inamokaa programu yenyewe, lisile RAM. Chipu inasoma tu.

Bado huku chini mwanga ukawa unarukaruka. Hapo ndo nikaelewa kwa nini FW3A ina njia 3 za umeme: 7135 moja, kachipu kanakodhibiti umeme usizidi miliampia 350, afu 7135 saba kwa pamoja, afu FET, swichi ya kielektroniki inayofungulia betri yote. Nilidhani mbwembwe! Kumbe ukigawa 350 kwa 255 ngazi ya chini ni kama miliampia 1.4, ila ukigawa, tuseme, ampia 10 za FET ni karibu miliampia 40, usiku wa manane hiyo unaiona mwenyewe. Nikaunga 7135 moja kwenye ubao wangu.

Jana nikazima taa za chumbani, nikashikilia swichi, mwanga ukapanda kama maji yanavyojaa kwenye ndoo, sikuona hatua hata moja. Nikamtumia video yule wa lifti.

"Safi kaka. Sasa ishushe."

Kushuka sijaandika.