Siku moja kabla ya jalidi: zamu yangu, wazee wangu na vipandikizi vya koliasi

Saa 10:45 alfajiri

Mwezi wa kumi ukiingia, kitu cha kwanza ninachoshika nikiamka ni simu. Natazama hali ya hewa kabla hata sijabandika chai. Leo wanasema usiku baridi itashuka hadi nyuzi 1 chini ya sifuri. Hapa St. Paul, Minnesota, hilo halimshtui mtu, maana jalidi ya kwanza, yaani baridi ya kugandisha umande, huja Oktoba. Kwa koliasi ni kifo. Ua hili asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, kwenye joto na unyevu. Umande ukigandia juu yake usiku mmoja tu, asubuhi unalikuta limelala jeusi, teketeke kama mchicha uliopikwa.

Kwa asiyelijua jina, koliasi ni yale maua yasiyopendewa maua yake. Linapendwa kwa majani: mekundu ya damu ya mzee yenye ukingo wa kijani, ya zambarau, ya njano yenye madoa. Kwetu Lushoto, kwenye milima ya Usambara Tanzania, yalijaa kwenye madebe barazani na hakuna aliyeyatafutia jina. Tuliyaita "maua" tu, na yalijiotea.

Natia mkasi mdogo na chupa ya spiriti kwenye mkoba. Chai nakunywa nimesimama.

Saa 12:30 asubuhi

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Zamu huanza kwa makabidhiano: nani hakulala, nani presha ilipanda, nani kagoma kunywa dawa. Dada wa zamu ya usiku, Mkenya wa Murang'a, alipomaliza ripoti yake aliongeza, "Na bibi wa chumba cha mwisho ameniuliza mara tatu kama leo uko kazini."

Nilijua anachotaka. Bibi huyo ana miaka 91, na pale bustanini ana koliasi yake, nyekundu iliyoiva yenye ukingo mwembamba wa njano. Anasema alipewa kipandikizi na mama mkwe wake mwaka alioolewa. Tangu hapo, kila mwaka baridi ikikaribia hukata vipande, huvitia kwenye gilasi dirishani, na majira ya joto huvirudisha nje. Alipohamia hapa aliacha nyumba, gari na samani, akaja na chungu kimoja.

Mwaka jana nusura niipoteze. Nililing'oa ua zima na kulitia kwenye chungu kikubwa, nikaliingiza ndani nikidhani nimeliokoa. Kumbe nimeingiza na vidung'ata, wale wadudu weupe kama vipande vya pamba wanaojificha kwenye makwapa ya majani. Na mimi, kwa huruma, nikawa nalimwagilia kila siku. Kufika Januari mizizi imeoza na majani yamepukutika. Lilibaki tawi moja lenye uhai, nikalikata, nikaenda nalo nyumbani na kulilea miezi minne. Koliasi yote ya bibi iliyoko nje mwaka huu imetokana na tawi lile. Siku niliyomwambia ukweli alinishika mkono, hakusema neno, na mimi nililia nikiwa kazini.

Ndiyo maana sasa sihangaiki tena na kuingiza ua zima. Vipandikizi vichanga havichukui nafasi, unaweza kuvikagua jani kwa jani, na vinazoea hali ya ndani vikiwa bado vidogo. Ua kubwa lililozoea jua la nje likiingizwa sebuleni hudondosha majani na kukaa kinyonge hadi Machi.

"Hii si ni ndugu ya maigoya?" dada wa Murang'a aliniuliza akivaa koti. Ni kweli kabisa. Maigoya, ule mmea wa majani laini yenye vinywele ambao kwao hupandwa kuwa uzio wa boma na hutumika kuivishia ndizi, nao ni koliasi, Coleus barbatus. Nilifurahi alivyolitambua kwa kuligusa jani tu.

Saa 1 hadi saa 4

Kuamsha, kuogesha, kuvalisha, kupeleka mezani, kulisha wanaohitaji kulishwa. Hapa sina habari ya maua. Wazee kumi na mmoja, na kila mmoja ana namna yake ya kutaka kuamshwa.

Saa 4:15 asubuhi

Msimamizi amenipa nusu saa. Nimemfunika bibi blanketi mbili, nimemsukuma kwenye kiti chake hadi kwenye tuta. Nje ni nyuzi 9 na majani ya koliasi yameanza kujikunja kidogo kingoni. Wengi hukosea hapa: wanangoja hadi jalidi itangazwe. Usiku ukishaanza kushuka chini ya nyuzi 10 koliasi inaacha kukua, na kipandikizi cha ua lililodumaa kinachelewa kutoa mizizi. Zangu za nyumbani nilizikata mapema Septemba na nyingine wiki mbili zilizopita. Hizi za bibi zimechelewa kwa sababu alitaka kuziona nje hadi siku ya mwisho, na zake ni zake.

Shina la koliasi lina pembe nne. Livingirishe kati ya kidole gumba na cha shahada, utazihisi moja moja. Ni alama ya ukoo. Mrehani una shina hilihili, kivumbasi na mnanaa vilevile, na majani yao wote hutoka mawili mawili yakitazamana. Nilifuta mkasi kwa spiriti. Nilichagua tawi lisilo na ua kichwani, nikapima kama sentimita 10 kutoka nchani, nikakata chini kidogo tu ya fundo, pale majani mawili yanapokutana na shina. Hapo ndipo mizizi hutoka kwa wepesi zaidi. Likikatwa vizuri shina hutoa sauti ndogo, kama bamia mbichi inapovunjwa. Lisipotoa sauti hiyo, likapindapinda, limeshakomaa sana au lina kiu, nami hulirudisha.

"Hilo hapana," bibi alisema mara mbili, akinionyesha kwa kidole. Mara zote mbili alikuwa sahihi. Moja lilikuwa na doa la kijivu chini ya jani. Huo ni ubwiri, ugonjwa wa ukungu, na ukiuingiza ndani unaambukiza gilasi zote. Matawi mawili ya upande ule tuliyaacha nje yafe huko.

Tulipata vipandikizi 26. Tuta la pili lina koliasi mpya zilizonunuliwa dukani mwaka huu, na kibandiko chake kinasema zimelindwa kwa hataza (haki ya mvumbuzi) na haziruhusiwi kuzalishwa. Marekani ina sheria ya hataza za mimea tangu 1930, na hata kipandikizi kimoja kinahesabiwa. Hizo sikuzigusa.

Saa 6 mchana

Chakula. Supu ya kuku na mkate laini. Bibi amekula vizuri, jambo ambalo siku hizi naliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Saa 7 mchana

Saa hii ni ya shughuli za pamoja. Kwa kawaida ni bingo, ila leo nimetandika magazeti mezani na kupanga chupa za jemu zilizooshwa kwa maji ya moto. Wamekaa wazee watano. Kazi yao ni kunyonyoa majani ya chini, jozi mbili mbili, ili yasiguse maji, maana jani likizama huoza na kuozesha shina. Yale makubwa yaliyobaki juu mimi nayakata nusu. Kipandikizi hakina mizizi bado, na jani kubwa linapoteza maji mengi kuliko shina linavyoweza kuvuta.

Mzee mmoja alikuwa mkulima maisha yake yote na mikono yake inatetemeka. Kijiko kinamshinda. Lakini aliposhika shina kwa mkono mmoja na jani kwa mwingine, mtetemo ulipungua, akanyonyoa taratibu, moja, la pili, hadi akamaliza vinane. Akavipanga kwa urefu bila kuambiwa.

Yeye na bibi hubishana kila mwaka. Mzee anataka vichomekwe moja kwa moja kwenye udongo mwepesi, kwa sababu mizizi inayoota kwenye maji ni laini na hukatika wakati wa kuhamisha. Bibi anataka maji, na hataki kusikia jingine. Kwa upande wa kilimo mzee ana haki, na nyumbani kwangu mimi hutumia udongo. Hapa lakini nipo na bibi. Wazee hupita dirishani kila asubuhi kuhesabu mizizi inavyochomoza, myeupe kama nyuzi za kushonea, na huanza kuonekana ndani ya wiki moja hivi. Maji nitabadilisha kila baada ya siku mbili. Mizizi ikifika sentimita 3 nahamishia kwenye udongo, sisubiri irefuke ikaanza kuzungukana.

"Ua hili ni lilelile," bibi alimwambia mzee. "Ndilo lililokuwa dirishani kwa mama mkwe wangu." Anavyosema ndivyo ilivyo. Mbegu za koliasi huleta watoto wenye rangi zao wenyewe, hujui utapata nini. Kipandikizi si mtoto. Ni mmea uleule, umekatwa ukaendelea.

Dirishani kwa mzee kuna chungu cha ua dogo la zambarau, ambalo nusu ya Marekani huliweka sebuleni bila kujua lilikotoka. Lilitoka kwetu, kwenye misitu ya Usambara. Afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina Saintpaulia. Kufanana kwa jina lake na mji huu ni bahati tu. Siku nilipomwambia mzee kwamba nimezaliwa kwenye milima ya ua lake, alilitazama, akanitazama mimi, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa kunivulia kofia.

Saa 8:30 mchana

Nimetoka zamu. Vipandikizi 20 vimebaki kwa wazee. Sita vya bibi nimevifunga kwenye karatasi yenye unyevu na kwenda navyo kwangu, viwe akiba. Sitarudia kuweka kila kitu mahali pamoja.

Saa 10:30 jioni

Dirisha langu linatazama kaskazini, na mwezi wa Desemba saa kama hii jua huwa linazama. Bila mwanga wa kutosha koliasi hufifia. Wekundu unageuka kijani kilichochoka, shina linarefuka kama linatafuta mtu. Kwa hiyo nina rafu ya chuma yenye taa za LED, nimezining'iniza kama sentimita 20 juu ya majani, zinawaka saa 14 kwa siku.

Zile za wiki mbili zilizopita zimeshika. Nikilivuta jani kidogo, shina linang'ang'ania. Nimezihamishia kwenye makopo ya mtindi niliyoyatoboa chini, kwa udongo wa dukani ulio mwepesi. Udongo wa bustanini sitii kamwe, unashikamana na una wadudu. Kila ncha nimeiminya kwa kucha ili chini yake yachipue matawi mawili. Vishada vya maua vikichomoza navyo nitavitoa, havina faida yoyote ndani ya nyumba.

Halafu ukaguzi: kila jani, juu na chini. Nimekuta kidung'ata kimoja, nikakigusa kwa pamba yenye spiriti, na kopo lile nimelitenga bafuni kwa wiki mbili. Joto la mashine za ndani likianza kukausha hewa, adui atakuwa utitiri.

Kuhusu maji nimejifunza kwa uchungu. Natia kidole kwenye udongo. Juu pakiwa pakavu ndipo nanywesha, na maji yaliyochuruzika namwaga. Mbolea hakuna hadi Machi. Mwezi huo nitakata vipandikizi kutoka kwa vipandikizi hivi, na mwisho wa Mei vyote vitatoka nje, saa chache kila siku kwanza, hadi vizoee jua.

Saa 3 usiku

Lushoto ni saa 11 alfajiri, mama ameamka kwa swala. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, bado hujalala?" Nimemweleza siku yangu. Amenyamaza kidogo, kisha akasema, "Hayo maua si ndiyo haya yanayoota hapa bombani? Mbona hatuyamwagilii?" Nimemwambia ndiyo hayohayo. Akaniambia kesho atayatazama vizuri, na atamwambia mtoto wa jirani asiyakanyage.

Saa 5 usiku

Nje pameshafika sifuri. Nilikuwa karibu kulala nilipokumbuka kwamba sikumwambia mtu jambo moja: kioo cha dirisha usiku huwa na baridi kali, na gilasi zikiachwa zimekiegemea, maji yatapoa kupita kiasi. Zinatakiwa zirudishwe ndani kama urefu wa mkono. Nikamwandikia dada wa Murang'a, ambaye ndiyo kwanza ameingia zamu.

Amejibu kwa picha. Gilasi ziko kwenye meza ndogo kando ya kitanda, mbali na dirisha, na pazia limefungwa.

"Nimezikuta hivi," ameandika. "Bibi amezihamisha mwenyewe, moja moja."