Nilimfuata Billings, Nikapewa Viti vya Sauti ya Tatu

Basi la kwenda Boston lilichelewa, kiyoyozi kikatugandisha njia nzima, na chupa ya maji pale stendi ilikula hela ambayo Dodoma ningeshiba wali maharage na chenji ikabaki.

Nilikuwa namfuata William Billings, mtunzi wa nyimbo za kanisa aliyezaliwa mjini humo mwaka 1746. Nililitafuta kaburi lake kwenye makaburi yaliyo pembeni mwa bustani ya Boston Common. Nikazunguka nikisoma mawe yaliyolika maandishi, mpaka mzee mmoja akaniambia nisijichoshe: Billings amezikwa humu, ila kaburi lake halina alama.

Nilikasirika. Huyu alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi, jicho moja bovu, mguu mmoja mfupi, muziki kajifunza mwenyewe. Mwaka 1770 alitoa kitabu cha tenzi alizozitunga mwenyewe zote, cha kwanza cha aina hiyo Marekani, na picha ya mbele ikachongwa na Paul Revere, mfua fedha maarufu wa Boston. Wimbo wake "Chester" ulivuma wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Aliomba haki za kazi yake zilindwe. Bunge la Massachusetts likapitisha sheria mwaka 1772, gavana akagoma kuidhinisha. Wachapishaji wakajichotea. Alikufa fukara mwaka 1800. Kwetu pia albamu inapigwa kila harusi, mtunzi kabanana kwenye daladala.

Yule mzee akanielekeza ukumbi wa kanisa ambako watu wangeimba tenzi za Billings jioni. Hakukuwa na jukwaa wala wasikilizaji. Viti vimepangwa pande nne, sauti nne zikitazamana, anayeongoza anasimama katikati. Kwanza wanapitia noti, kila moja na umbo lake: pembetatu ni "fa", duara "sol", mraba "la", almasi "mi". Kisha maneno, kwa nguvu zote, bila kinanda. Wimbo wenyewe umebebwa na sauti ya tatu, si ya kwanza kama kwetu, wanaume kwa wanawake, nami nikasukumwa humo humo. Besi wakaanza peke yao, wengine wakaingia mmoja baada ya mwingine, sakafu ikatetemeka.

Ikatajwa tenzi iitwayo "Africa". Wakanigeukia wote! Kumbe Billings alizipa tenzi zake nyingi majina ya mahali, hata maneno yasipohusika. Nikaingizwa katikati niongoze.

Nimeshaiandika kwa do-re-mi na kumtumia mwalimu wa kwaya yetu. Amejibu kwa swali moja: sasa akina mama wa sauti ya kwanza nitawaambiaje?