Zamu ya mchana na watoto wenye niuroblastoma

Saa 1 asubuhi. Napokea zamu kitanda kwa kitanda. Watoto wangu wote leo wana niuroblastoma, saratani inayoanzia kwenye chembe changa za neva, mara nyingi katika tezi iliyo juu ya figo. Wengi wa wanaoipata hawajafikisha miaka 5. Ni ugonjwa wa nadra, lakini ule mkali huwahi kufika mifupani na kwenye uboho kabla haujajulikana.

Saa 2. Majibu ya damu yamerudi. Mtoto mmoja neutrofili zake, chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, zimeshuka chini ya 500 kwa mikrolita, hana askari wa kumlinda. Namkumbusha baba yake: joto likifika 38 niite hapo hapo, hata kama mtoto anacheza. Antibayotiki lazima iingie mshipani ndani ya saa 1.

Saa 3:30. Siku ya kingamwili kwa msichana aliyekwisha kupita kwenye kemotherapia, upasuaji, kurudishiwa chembe mama za damu na mionzi. Dawa ni dinutuximabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015. Hunasa kwenye GD2, kitu kilicho juu ya chembe za saratani hii, ili kinga ya mwili izitambue na kuziua. Shida ni kwamba GD2 ipo pia kwenye neva za maumivu, kwa hiyo dawa inayomtibu ndiyo inayomuumiza. Morfini tunaitangulizia.

Sitoki kando yake. Napima presha, mapigo, pumzi. Naangalia kama uso unavimba au ngozi inatoka vipele. Msichana kimya. Nilikuwa naandika kwamba ametulia, mama yake akanigusa mkono: "Sista, huyu akiumwa halii. Tazama vidole vya miguu." Vimekunjwa, vimekaza. Namwita daktari, anaagiza dripu ipunguzwe kasi na morfini iongezwe. Baada ya muda vidole vinalegea. Hakuna mashine humu wodini ambayo ingeniambia hivyo.

Saa 7. Kijana mmoja anakwenda kupimwa masikio, maana sisplatini, mojawapo ya dawa za kemotherapia, huweza kuharibu usikivu. Nakula haraka.

Saa 8. Mtoto mgeni, miaka 2. Macho yamezungukwa na weusi kama amepigwa, na hataki kukanyaga mguu wa kushoto. Alikotoka, mama aliambiwa kwanza ni maumivu ya kukua, kisha akaulizwa nani anampiga mtoto. Linaniuma sana hili. Kumlinda mtoto ni wajibu, lakini weusi ule huweza kutokana na saratani iliyofika kwenye mifupa inayozunguka macho, na mama huyu alikuwa akisema tangu mwanzo kwamba mtoto haamki kucheza, analia usiku, tumbo limekuwa gumu. Tunakusanya mkojo, kwa sababu uvimbe huu humwaga humo mabaki ya kemikali za neva. Uboho utachukuliwa, na kipande cha uvimbe kitapimwa jeni ya MYCN. Nakala zake zikiwa nyingi mno, ugonjwa ni wa hatari kubwa.

Saa 10. Daktari anaketi na wazazi wengine ambao majibu yao yametoka: hatari kubwa. Baba anauliza kama ni kweli kuna watoto ambao uvimbe huu huyeyuka wenyewe. Ni kweli, hutokea kwa baadhi ya watoto wachanga, lakini mwanawe ana miaka 3 na wake umeshasambaa. Daktari hamfichi: kwa kundi hili, karibu nusu huwa hai miaka 5 baadaye. Baba anauliza matibabu yanaanza lini. Kesho asubuhi.

Saa 1 jioni. Kingamwili bado inaingia. Huchukua saa 10 au zaidi. Kwenye faili la msichana nimeandika kwa herufi kubwa: AKIKUNJA VIDOLE VYA MIGUU ANAUMWA. Namsomea muuguzi wa usiku, kisha namwomba akamuulize na mama wa mtoto mgeni: wako akiumwa hufanyaje?