Ukurasa wa nyuki

Nilihesabu makosa 17 ya Kiingereza kwenye ukurasa ule kabla sijaufuta. Mjomba aliuandika mwenyewe mwaka 2009, kwa vidole viwili, na kijana aliyemtengenezea tovuti akaupachika vilevile ulivyo: maandishi ya bluu juu ya njano, aya moja ndefu isiyo na pa kupumulia, picha ya mbuyu iliyopigwa kwa simu, na bei ya chumba hakuna hata moja. Ulihusu nyuki.

Nyumba ya wageni ya Mjomba iko Raskazone, upande wa baharini wa mji wa Tanga. Ina vyumba 9 na baraza ambalo kila jioni hugeuka kijiwe cha wastaafu wenzake wa bandarini. Agosti 2018 alinipigia simu Dar es Salaam. Wageni wa kutoka nje wanapungua, akasema, na jirani aliyejenga juzi tu anajaza. "Naambiwa mambo yote siku hizi ni Google. Njoo unitazamie hiyo tovuti, wewe ndiye mjuzi wetu." Nikavimba kichwa. Ujuzi wenyewe ulikuwa miaka 2 ya kuajiriwa, nikipanga kurasa za wauza viwanja ili zitokee mbele mtu anapotafuta. Ofisini tuliiita kazi hiyo esio, yaani SEO, na tulijiona kama waganga.

Nilifika jioni. Shikamoo hazijaisha vizuri, laptopu ikawa wazi barazani kati ya vikombe vya kahawa na sahani ya kashata, wazee wamenizunguka kama wanatazama bao.

Nakiri nilifurahi kukuta tovuti mbovu kiasi kile. Kwa fundi hakuna raha kama kuitwa kwenye paa linalovuja kila mahali. Kurasa zote 14 zilikuwa na kichwa kimoja, "Karibu", hata Google ilipoziorodhesha zilikuwa kama wanawake 14 waliovaa sare ya arusi, humjui mwenye shughuli ni nani. Bei zilikuwa kwenye karatasi iliyopigwa chapa, ikapigwa picha, ikawekwa hivyohivyo. Mtu anaisoma, mashine haioni neno. Picha za vyumba zilitoka kwenye kamera moja kwa moja, kila moja megabaiti 3 au 4, za kummaliza mtu bando kabla hajaona kitanda, na Julai ya mwaka ule Google ilikuwa imeanza kuihesabu kasi ya ukurasa kwa wanaotafuta kwa simu. Mwezi huohuo Chrome, programu ya Google ya kufungulia tovuti, nayo ilianza kuonya kwamba si salama kila tovuti isiyo na cheti cha usalama. Ya Mjomba haikuwa nacho, ingawa vyeti vya bure vilikuwa vimeshajaa. Ndani kabisa, kwenye msimbo, maandishi ya kompyuta yanayoijenga tovuti, yule kijana alikuwa ameficha orodha ya maneno: hoteli Tanga, hoteli nzuri Tanga, hoteli rahisi Tanga, na kuendelea. Mwaka huohuo wa 2009 Google ilitangaza kwamba orodha za namna ile haizitazami katika kupanga matokeo. Maskini, alitoka jasho bure.

Nikakaa siku 5. Picha nikazipunguza uzito, bei nikaziandika kwa maneno, cheti kikawekwa. Hayo hayana hadithi.

Jambo ambalo mpaka leo najisifia ni kuomba daftari la mapokezi. Dada wa mapokezi alikuwa na tabia ya kuandika kila simu na kila barua pepe: tarehe, jina, na kile mtu alichouliza. Hakuna aliyemwagiza. Nilisoma daftari lile usiku kucha. Kuna gari ya Pangani asubuhi? Mapango ya Amboni ni mbali? Umeme ukikatika mna jenereta? Mnapokea watoto? Ndani ya kurasa zote zile sikuona mtu hata mmoja aliyeuliza kama tuna "huduma bora katika mazingira tulivu", na maneno hayo ndiyo yaliyokuwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Basi nikapanga tovuti kwa kulifuata daftari. Vyumba vikapata ukurasa wao, na kila aina ya chumba ukurasa wake chini yake. Njia ya kufika ikapata wake. Safari zikapata wake, chini yake Amboni, Pangani na milima ya Usambara, na vichwa vyote nikaviandika kwa maneno ya waulizaji. Nikahakikisha mtu akiingia mlangoni, kwa kubofya mara 2 awe ameshafika anakotaka. Maswali yaliyopata makao niliyatia alama kwa kalamu ya bluu. Mengine niliyakata kwa nyekundu, yale niliyoona si ya biashara. Nakumbuka nilikata moja la makaburi ya askari wa vita. Nikakata na jingine linalofanana nalo, na jingine. Mkono ulikuwa umeshazoea kukata.

Ukurasa wa nyuki niliufikia usiku wa mwisho.

Mjomba alikuwa amesimulia vita vya Tanga vya Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walikuja na meli zilizobeba askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, wakashushwa hapahapa Raskazone. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na baadhi aliwaleta mbio kwa treni kutoka Moshi. Hapo Mjomba, karani wa bandari, aliisifia reli kwa mistari mingi kuliko vita vyenyewe. Tarehe 4, risasi zikiwa zimechachamaa, mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini ikachokozwa. Nyuki hawakuuliza sare. Waliwauma Waingereza, waliwauma na watu wa Mjerumani, lakini waliokimbilia baharini wakawa Waingereza, na baadaye baadhi yao waliamini kabisa kwamba Mjerumani aliwatega wadudu wale makusudi. Siku iliyofuata walipanda meli wakaondoka, nyuma wakaacha bunduki, bombomu na risasi za kumtosha adui kwa muda mrefu. Mwishoni Mjomba alitia ya babu yake, ambaye vita vilimkuta mtoto, akakaa uvunguni mwa kitanda siku 2 na muhogo mmoja.

Nikasoma, nikacheka, nikahesabu makosa, nikafuta. Sababu nilikuwa nazo: ukurasa hauuzi chumba, unaivuruga mada ya tovuti, na Kiingereza chake kinatia aibu. Mjomba sikumwuliza. Asubuhi nilimwambia nimesafisha.

Kulikuwa na kosa la pili. Nilikuwa nimeihamishia tovuti kwenye WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kwa hiyo anwani zote za zamani, zile zilizoishia na htm, zilikufa. Dawa yake inajulikana: unaweka kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, maelekezo yenye namba 301, yanayoiambia Google na kila ajaye kwamba fulani amehama kwa kudumu, sasa anakaa pale. Ni mstari mmoja kwa kila anwani. Basi langu liliondoka saa 12 asubuhi, nikajiambia mistari yenyewe ni 14 tu, nitamalizia Dar. Dar nilikuta kazi za watu zimenisubiri.

Mwisho wa Septemba simu ikalia.

"Mpwa, nimepotea."

"Umepotea wapi tena, Mjomba?"

"Kwenye hiyo Google yako. Mwanzo nilikuwa ukurasa wa 2, mbovumbovu, lakini nipo. Leo mwenzangu mmoja hapa barazani kanitafuta mpaka ukurasa wa 6, hanioni. Na barua pepe wiki ya 3 hii haijaingia hata moja."

Nikafungua Search Console, mahali Google inapomwonyesha mwenye tovuti inavyomwona. Nikaenda kwenye orodha ya viungo, yaani tovuti za watu wengine zilizotuelekezea wageni. Vilikuwa 61. Vinne vilielekea ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa vyumba, niliokuwa nikiuremba siku 2 nzima, haukuwa na hata kimoja. Vilivyobaki vyote 57 vilielekea kwenye nyuki. Kulikuwa na wapenzi wa historia ya vita, mwalimu mmoja wa Uingereza, na familia zilizokuwa zikitafuta habari za babu waliokufa Tanga. Wengi waliandika mwaka 2014, vita vile vilipotimiza miaka 100. Wote hao, Google ikiwa miongoni mwao, walikuwa wakigonga mlango wa nyuki.htm na kujibiwa 404, hakuna kitu hapa.

Nilitamani kumdanganya. Ningeweza kusema Google imebadilisha kanuni zake. Watu wa kazi yetu husema hivyo kila kitu kinapowashinda, na mara nyingine huwa kweli. Badala yake nikapanda basi Ijumaa.

Barazani nilimweleza habari ya Page na Brin, waanzilishi wa Google, wale wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambao mwaka 1998 walitoa wazo kwamba ukurasa upimwe kwa kutazama ni nani wanaouelekezea, na hao nao wana uzito gani. Uso wake haukuonyesha kitu. Nikajaribu njia nyingine. Ikija posa, nikamwambia, humwulizi kijana mwenyewe kama ana tabia njema. Unakwenda kwa majirani zake, kwa imamu wao, kwa mwenye duka anakokopa. Google nayo haikuamini wewe unayejisifu huduma bora, inauliza kwa watu.

"Na hao watu waliponidhamini mimi, walisema nini?"

"Walisema una habari nzuri ya nyuki."

Kimya. Mzee mmoja akasogeza kikombe chake. Mjomba akanitazama muda mrefu, akasema polepole, "Ukaja wewe ukawafukuza wadhamini wangu."

"Ndiyo, Mjomba. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Urudishe."

Faili nilikuwa nimelifuta kwenye seva na nakala sikuweka, kosa ambalo ningemfokea mwanafunzi wangu kama ningekuwa naye. Mjomba daftari lake la rasimu liliishaliwa na mchwa. Nilikwenda kwenye Wayback Machine, ghala la mtandaoni linalohifadhi sura za zamani za tovuti, nikaandika anwani huku najisomea Yasini kimoyomoyo. Ikatoka: njano yake, bluu yake, makosa yake yote 17. Picha ya mbuyu tu haikuwemo. Mjomba akachukua baiskeli, akaenda kuupiga picha upya, safari hii na kidole chake kikionekana pembeni.

Tukakaa wawili kusahihisha. Makosa 16 alikubali. La 17 alikataa, pale alipoandika kwamba nyuki waliziudhikia serikali zote mbili. Nikamwambia kwa Kiingereza haisemwi hivyo. "Hilo si kosa," akasema, "ndivyo ilivyokuwa." Likabaki. Aya ile moja nikaikata vipande 9 na kila kipande nikakipa kichwa kidogo. Mwishoni nikaweka njia ya kwenda kwenye vyumba, na nyingine ya kwenda kwenye ukurasa mpya unaoeleza makaburi ya askari yalipo. Kisha nikaandika ile mistari 14 ya 301, moja moja, bila kusema nitamalizia Dar, nikaipelekea Google ramani mpya ya tovuti.

"Sasa tumwone nani ili iende haraka?" Mjomba aliuliza, mkono uko mfukoni.

Nikamwambia hapa hakuna wa kupewa chai. Matangazo unalipia, lakini nafasi ile ya chini ya matangazo Google haimuuzii mtu. Alishangaa kuliko alivyoshangazwa na Stanford.

Zilipita wiki 6, na kila asubuhi ya wiki hizo nilimtafuta Mjomba kwenye Google kabla ya kunywa chai. Kwanza akarudi ukurasa wa 4, halafu wa 2, halafu Novemba, mtu akitafuta habari za vita vya Tanga, jina la nyumba ya Mjomba likawa linatokea ukurasa wa 1, chini chini. Kwa anayetafuta hoteli tulibaki wa 2, tena juu kuliko mwanzo. Jirani bado anajaza kutushinda. Ana bwawa la kuogelea.

Nilipokwenda Desemba nililiomba tena daftari la mapokezi, nikapitia maswali niliyoyakata kwa nyekundu. Ya makaburi na vita yalikuwa 23 ndani ya mwaka mmoja. Gari la Pangani liliulizwa mara 19.

Dada wa mapokezi alikuwa ananisubiri nimalize, kalamu sikioni. "Kaka, kuna hili limeingia jana, sijui nilijibu vipi. Mzungu anakuja na watoto 2, anauliza nyuki bado wapo?"

Kabla sijafungua mdomo Mjomba akajibu kutoka barazani kwa sauti ya juu, "Mwambie wapo! Na uandike asije na manukato."