Mashine ya 15 kwa ya 40: ubadilishe au ubaki nayo?

Ofa hii husikika sana pwani ya Zanzibar, kuanzia Nungwi, Unguja, mpaka Kojani, Pemba. Mwenye mashine ya boti ya Yamaha Enduro 15, yaani ya nguvu farasi 15, iliyo nzima anaambiwa aitoe, aongeze fedha kidogo, achukue 40 iliyokwisha kutumika. Kwa macho tu, aliyepewa ofa amepata. Rai yangu naitanguliza: kama chombo chako ni mashua au dau la mbao, ikatae. Kama ni boti ya faiba yenye chini bapa, inayopanda juu ya maji ikikimbia, hapo kuna la kuzungumza.

Sababu iko kwenye chombo kabla ya kufika kwenye mashine. Chombo cha mbao chenye tumbo zito hakipandi juu ya maji, hukata maji, na mwendo wake unafungwa na urefu wake. Hesabu yake ni hii: chukua urefu wa sehemu inayogusa maji kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34, utapata noti, yaani maili za baharini kwa saa. Mashua yenye mita 8 majini, yaani futi 26 hivi, mwisho wake ni karibu noti 7. Ukiifunga 40, tezi (nyuma ya chombo) inazama, omo (mbele) inainuka, wimbi la nyuma linakuwa kubwa, na mwendo hauongezeki kwa maana yoyote. Kinachoongezeka ni petroli.

Na petroli ndiyo inayoua faida. Mashine ya kuchanganya oili kwenye petroli ikibanwa mpaka mwisho, yaani ikipewa mafuta yote, 15 hunywa takriban lita 6 hadi 7 kwa saa, 40 hunywa 15 hadi 19. Safari ya saa tatu, kwenda na kurudi, ina tofauti ya lita 30 hivi. Ukitoka siku 20 kwa mwezi, hizo ni lita 600. Kuna watakaosema 40 wataiendesha polepole. Polepole nayo ina dhara lake: mashine kubwa ya kuchanganya ikizungushwa taratibu kwa muda mrefu, oili haiungui vizuri, plagi zinalowa na kuwa nyeusi, na siku ukihitaji nguvu mbele ya wimbi la kusi inakohoa.

Uzito pia usiupuuze. Enduro 15 iko chini kidogo ya kilo 40, mtu mmoja anaibeba begani. Ya 40 inapita kilo 70. Jambiani au Matemwe, ambako maji yakipwa chombo kinabaki mbali mchangani na mashine hulala nyumbani, tofauti hiyo ni watu wawili na mti kila jioni. Ubao wa tezi nao uangalie: kama umeanza kulainika kwa kuoza, bana za 40 zitaumaliza.

Wanaovua kwa vyombo vizito na kuona 15 haiwatoshi, mara nyingi wana panga (rafadha inayosukuma maji) lisilowafaa. Panga lenye hatua kubwa, yaani linalokusudiwa kusogea mbali kwa kila mzunguko, ni la boti nyepesi ya mbio. Ukishusha hatua kwa inchi moja, mizunguko hupanda kama 200 kwa dakika. Enduro 15 inataka kufika kati ya 4,500 na 5,500 ikibanwa yote na chombo kikiwa na mzigo. Isipofika, badilisha panga kwanza. Ni gharama ndogo sana ukilinganisha na mashine.

Sasa tuseme una boti ya faiba, unabeba wageni kisiwa cha Mnemba au unafuata samaki mbali, na 40 inakufaa kweli. Mwambie mwenye nayo asiiwashe kabla hujafika. Gusa kichwa cha silinda: kikiwa na joto, imeshawashwa kukuficha ugumu wa kuanza. Angalia vichwa vya boliti. Boliti iliyochubuka rangi imefunguliwa, na lazima uambiwe kwa nini.

Toa plagi zote, funga kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, vuta kamba mara kadhaa mpaka mshale utulie. Tofauti ya silinda kwa silinda isizidi asilimia 10. Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili ndani yake upime tena. Ikipanda, ringi au ukuta wa silinda umekwisha. Isipopanda, shuku gasketi ya kichwa. Hali hizi nyingi huanzia kwenye impela ya pampu ya maji iliyokatika mabawa, mashine ikachemka, na mwenyewe akaendelea na safari. Kwa hiyo ikiwashwa itazame inavyokojoa: maji yatoke kwa nguvu, bila kukatika, na yawe vuguvugu. Mkondo dhaifu unaweza kuwa mchanga au chumvi kwenye tundu tu, lakini usikubali maneno, tundu lichokonolewe kwa waya mbele yako.

Giaboksi ndiyo inayoficha mengi. Mashine iwe imesimama wima usiku kucha, kisha legeza skrubu ya chini kidogo tu. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Oili yenye rangi ya maziwa maana yake sili, ule mpira wa kuzuia maji, imepitisha maji. Hapa kwetu mkosaji wa kawaida ni mshipi wa kuvulia: unajizungusha kwenye shafti nyuma ya panga na kuikata sili bila mtu kujua. Vua panga uangalie. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ya skrubu si jambo kubwa, vipande vinavyoshikika kwa vidole ni gia zinazokufa, na hapo rudi nyumbani na 15 yako.

Kisha chora mstari mmoja wa wino kutoka kwenye kitovu cha ndani cha panga, kilichoshika shafti, mpaka kwenye sehemu ya nje yenye mabawa, mwende baharini, mbane mpaka mwisho. Mkirudi mstari umeachana, mpira wa ndani ya panga unateleza. Pima na urefu wa mguu: mfupi ni inchi 15, mrefu inchi 20, na sahani iliyo juu ya panga ikae usawa wa chini ya boti au inchi moja chini yake.

Nyongeza unayotoa ikatwe bei ya impela mpya, sili, plagi na oili ya gia, kwa sababu hivyo vyote utavinunua hata mashine ikiwa nzuri. Namba iliyo kwenye kibati cha bano isomeke, ilingane na karatasi, na muandikishane mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Kibati kilichong'olewa kinatosha kuvunja mazungumzo. Dai pia panga lake la akiba, tangi na mpira wa mafuta, na uulize imekuwa ikichanganywa vipi: mililita 20 za oili ya mashine za boti kwa kila lita ya petroli, yaani nusu lita kwa dumu la lita 25. Akikujibu kwamba anakadiria kwa jicho, au anatia oili ya pikipiki, rudia kupima kompresheni mashine ikiwa ya moto.