Mume wangu, mimi na ile njia ya msituni
Jamani ile njia sio ya mchezo. Tuliipita na baiskeli, mwanzo tambarare tukawa tunapiga stori, mara mlima ukaanza na gia zikaisha kabla mlima haujaisha, mume wangu akashuka akajifanya anakagua cheni (nilimwona!). Ila kazi yenyewe ni kushuka, mizizi imelowa inateleza balaa, ukiipitia kiubavuubavu tairi la mbele linakukimbia, inabidi uikate moja kwa moja, siti umeishusha, makalio nyuma, breki ya mbele unaigusa kidogo tu. Tulivyopunguza upepo kwenye matairi ndo yakaanza kushika. Yeye nyuma anapiga kelele "mpenzi angalia njia, usiangalie mti!" na kweli ukiukodolea mti unaufuata. Mimi goti limechubuka, yeye kapata pancha, na bado anauliza tunarudi lini.